Ufundi wa Jukwaa Hufundishwa na Jukwaa

Mtazamaji akitoka kwenye mchezo wa kuigiza huwakumbuka waigizaji. Atasimulia aliyechekesha, aliyewaliza watu na yule aliyesahau maneno. Ni nadra kumsikia akimtaja aliyefifiza taa taratibu mama alipokuwa akikata roho, au aliyehakikisha mnong'ono wa wapenzi wawili umefika hadi safu ya mwisho. Hao ndio mafundi wa jukwaa: wa taa, wa sauti, wa mandhari, wa maleba, pamoja na meneja wa jukwaa anayewaongoza wote. Vyuo vyetu vimefundisha uigizaji kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tangu miaka ya 1960, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, kilifunguliwa 1981. Lakini upande wa ufundi haukamiliki darasani hata mwalimu awe hodari vipi. Hukamilika katika mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi na wa Kenya atachimenti, pale mwanafunzi anapokaa na fundi kwa miezi katika ukumbi unaofanya kazi, akapewa jambo ambalo asipolifanya onyesho linaharibika.

Chukua umeme. Darasani mwanafunzi hufundishwa kwamba ukigawa wati kwa volti unapata ampea. Kwa umeme wetu wa volti 230, taa ya wati 1,000 inakula ampea 4 na ushei. Taa tatu zinafika 13, na hapo ndipo mwisho wa plagi ya kawaida ya ukutani. Hesabu hiyo ataijibu kwenye mtihani na kupata alama zake. Sasa mweke ukumbini, saa moja kabla ya onyesho: mwongozaji anasema uso wa bibi hauonekani, ongezeni taa, na kwenye ekstensheni limebaki tundu moja tupu. Tundu kuwa tupu si kibali cha kuchomeka. Tena ekstensheni yenyewe bado imeviringwa kwenye gurudumu lake kwa kuwa nafasi ni ndogo, na waya uliozungushwa hivyo ukibebeshwa mzigo mkubwa hukosa pa kutolea joto, ganda likaanza kuyeyuka. Fundi mzoefu huufungua wote kabla ya kuchomeka chochote. Mwanafunzi aliyemwona akifanya hivyo mara kumi ataufungua maisha yake yote. Hata kukunja waya kuna elimu yake. Asiyejua huuzungushia waya wa mikrofoni kiganjani na kiwikoni kama kamba ya kuanikia nguo. Kila mzunguko huusokota, nyuzi nyembamba za ndani zikawa zinakatika moja moja, na baada ya miezi mikrofoni inakwaruza katikati ya wimbo. Fundi huupokea mzunguko mmoja kwa juu, unaofuata akageuza kiganja na kuuingiza kwa chini, ili msokoto wa kwanza ufutwe na wa pili. Waya uliokunjwa hivyo ukirushwa hunyooka bila fundo. Kulieleza jambo hili kwa maandishi ni kazi. Kuonyeshwa na mkono wa mtu ni dakika tano tu.

Wapo watakaosema siku hizi mafunzo yote yamo kwenye simu. Video hufundisha kitufe kipi kinafanya nini, nami nashauri kila mwanafunzi azitazame. Lakini kazi ya sauti haiishii kwenye mixa, iko ukumbini. Ukumbi mtupu hujibu kwa mwangwi, na watu wakishajaa, miili na nguo zao hunyonya sehemu ya sauti hiyo, kwa hiyo kipimo kilichopangwa saa kumi jioni huwa si sahihi tena saa mbili usiku. Fikiria Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limefanyika kwa miaka mingi: uwanja wa wazi, kuta za mawe, hewa ya chumvi, na vikundi vinavyopokezana jukwaa usiku mmoja, kila kimoja na ala zake. Anayesimama mahali kama hapo pembeni mwa fundi mitambo hujifunza kuyaamini masikio yake. Na video unaweza kuisimamisha ukarudi nyuma. Onyesho halisimami.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaotuelekeza kwa mafundi mitambo wa harusini, kanisani na kwenye taarabu, ambao hawakukanyaga chuo chochote na kazi yao ni safi. Ni kweli. Waulize walijifunzaje, kila mmoja atakutajia fundi aliyemfuata. Pwani tunalo neno la zamani la jambo hilo, uanagenzi, na mchonga milango na muunda jahazi hawakufundishwa kwa njia nyingine. Kinachowapungukia wengi wao ni sababu: wanajua plagi ile huungua, hawajui kwa nini, na mitambo ikibadilika wanaanza upya. Mwanafunzi wa chuo naye ana sababu, mkono hana. Wakikutana, kila mmoja humfaa mwenzake. Na ukumbi wa tamthilia una kitu ambacho harusi haina, nacho ni marudio. Harusi hupita mara moja, ukikosea, umekosea. Tamthilia ina mazoezi, ina zoezi la mwisho lenye taa na maleba, kisha huonyeshwa usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Taa iliyochelewa Ijumaa inarekebishwa Jumamosi, kwenye neno lile lile la mwigizaji yule yule. Ni kazi chache zinazompa mwanafunzi nafasi ya kulirudia kosa lake kesho yake na kulisahihisha.

Malalamiko ya wanafunzi wenyewe ndiyo yanayonigusa kuliko yote. Wanasema wakifika hutumwa kubeba maboksi, kufagia jukwaa na kununua chai, na miezi ikiisha daftari lao hugongwa muhuri bila wao kugusa taa hata moja. Kubeba maboksi wiki ya kwanza si dhuluma. Anayebeba hujua kila kifaa kina uzito gani na kinakaa wapi. Kubeba maboksi hadi mwisho ni dhuluma. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kati ya chuo na ukumbi kabla mwanafunzi hajaondoka: fundi gani atamsimamia, wiki ya ngapi ataanza kufunga taa, na onyesho lipi ataliendesha yeye, fundi akiwa pembeni. Nauli na chakula viwemo pia. Bila hivyo nafasi hizi zitabaki za wenye ndugu mjini, na kijana wa Tandahimba au Turkana ataishia kujaza fomu.

Wenye kumbi nao wana hofu: mwanafunzi akiangusha taa juu ya mwigizaji, nani atajibu? Hofu hiyo ni halali. Taa ya jukwaani ina uzito wa kilo kadhaa, na ndiyo maana hufungwa mara mbili, kwa kibano chake na kwa waya wa chuma wa usalama. Lakini tazama yaliyotokea Chicago, Marekani, tarehe 30 Desemba 1903. Katika ukumbi wa Iroquois Theatre, uliofunguliwa majuma machache tu kabla na kutangazwa kuwa hauwezi kuungua, taa ya jukwaani ilitoa cheche ikawasha pazia. Pazia la kuzuia moto likashushwa, likakwama njiani. Milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na wafanyakazi hawakuwa wamefanyishwa zoezi la moto. Walikufa watu zaidi ya 600. Jengo lilikuwa jipya. Watu waliozoezwa hawakuwepo. Ukumbi unaompokea mwanafunzi hulazimika kuyataja kwa sauti mambo ambayo mafundi wake huyafanya kwa mazoea: nani ana ufunguo wa mlango wa nyuma, pazia hushushwaje, nani anakimbilia wapi. Mwenyeji akimweleza mgeni, naye hukumbuka.

Mwanafunzi unayetafuta nafasi msimu huu, kabla hujasaini fomu uliza jina la fundi utakayekuwa chini yake na onyesho utakalopewa kuliendesha. Wakishindwa kukutajia, tafuta ukumbi mwingine. Na siku ya kwanza, kabla hujagusa kitu chochote, omba uonyeshwe swichi kuu ilipo.