UZI: Mgonjwa wa akili amezidiwa kijijini saa nane usiku. Nani anakuja?

1/ Kila mdahalo wa wagombea ukifika kwa afya ya akili, jibu ni lile lile: "Tutajenga hospitali ya akili kila kaunti." Makofi, kisha tunahamia barabara. Leo tuangalie jibu hilo linaacha nini. Sitaji mtu wala chama. Naanza na yaliyotupata sisi.

2/ Miaka michache iliyopita, binamu yangu huko kwetu Ukambani alikaa siku nne bila kulala. Usiku wa tano akaanza kuongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Saa nane akachukua panga akatoka nje, akisema kuna watu wanakuja kumuua mamake. Hakumgusa mtu, lakini boma zima lilikuwa macho.

3/ Tukapigia ambulensi. "Mgonjwa ana shida gani?" Tukaeleza. "Huyo si wa ambulensi, huyo ni wa polisi." Tukaenda kituoni. "Huyo si mhalifu, mpelekeni hospitali." Mwishowe vijana sita wakamfunga kamba, tukamlaza nyuma ya probox.

4/ Hospitali ya kaunti ndogo tulifika alfajiri. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, mpole kabisa, lakini sindano ya kumtuliza haikuwepo. Akatuandikia barua ya kwenda Mathari. Nairobi tuliingia saa tisa mchana, jamaa bado yuko kwenye kamba. Hesabu: saa kumi na tatu.

5/ Alitibiwa, akapata nafuu, leo analima shamba lake. Makovu ya kamba bado yako mikononi. Aliporudi nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Kwani mimi ni mbuzi?" Mimi ndiye niliyeshika ile kamba. Sikuwa na jibu.

6/ Sasa sheria. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakibagui dharura ya mwili na ya akili. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa. Barua peke yake si rufaa.

7/ "Hiyo ni kazi ya kaunti." "Hapana, ni ya serikali kuu." Mpira huu mtausikia kila mdahalo. Jedwali la Nne la Katiba liko wazi: sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu, vituo vya afya vya kaunti na ambulensi ni za kaunti. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Polisi nao ni wa serikali kuu. Kwa hivyo usiku mmoja mgonjwa anapitia serikali mbili, na kila moja inaweza kusema "si mimi."

8/ Je, jengo si msaada? Ni msaada, litapunguza safari. Lakini Mathari ilianza 1910, na zaidi ya miaka mia baadaye bado tunapakia watu kwa magari kutoka mbali. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Saa za kwanza ziko mikononi mwa afisa wa kliniki na nesi waliofunzwa kuongea na mgonjwa kwa utulivu, kumpima, na kumchoma sindano inayofaa. Haloperidol na diazepam ni dawa za miaka mingi, si za bei ya kutisha.

9/ Jambo ambalo midahalo haligusi kabisa: si kila anayepayuka ana ugonjwa wa akili. Malaria ya ubongo, sukari kushuka, homa ya uti wa mgongo, hata mlevi kuacha pombe ghafla, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amerukwa na akili. Na vyote vinaua. Ukimfungia seli ukidhani ni wazimu, asubuhi unaweza kukuta maiti. Ndio maana mlango wa kwanza lazima uwe wa hospitali.

10/ Polisi je? Kuna wakati wanahitajika, mtu ana panga. Sheria inawaruhusu kumchukua mgonjwa aliye hatari na kumfikisha kwa matibabu. Kumfikisha, si kumweka. Na kumbuka: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Mtu aliyejaribu kujiua ni wa kupelekwa hospitali.

11/ Wengine watasema, "Pesa hakuna, kuna akina mama wanaojifungua." Hoja halali, siidharau. Lakini usiku ule ambulensi ilikuwepo. Nesi alikuwepo. Kituo cha polisi kilikuwepo. Kilichokosekana ni amri kwa dereva, mafunzo, na dawa kwenye kabati. Gharama ikaangukia familia: tuliuza ng'ombe kulipa gari na matibabu.

12/ Kwa hivyo mgombea akisema "tutajenga", muulize haya:
– Ambulensi ya kaunti inabeba mgonjwa wa akili? Amri iko wapi kwa maandishi?
– Hospitali ngapi za kaunti ndogo zina sindano ya kutuliza leo, na mhudumu aliyefunzwa usiku?
– Sheria ya bima ya afya ya 2023 ilianzisha hazina ya dharura. Dharura ya akili italipiwa humo, au familia iuze ng'ombe?
– Polisi na hospitali wana utaratibu gani wa pamoja?

13/ Akijibu hata mawili kwa undani, huyo amefikiria. Akirudi kwa jengo, mwambie mgonjwa wetu yuko nje na panga sasa hivi, na jengo linaisha baada ya miaka mitano.

Kama haya yamewahi kukupata, andika hapo chini ni saa ngapi zilipita kabla mgonjwa wenu ahudumiwe. Usitaje jina lake. Mwisho wa uzi. Sambaza.