Mwalimu wa Wadogo Naye Asome Mpaka Chuo Kikuu

 

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, mazungumzo yale yale hurudi katika mabaraza ya Chiungutwa na vijiji vingine vya Masasi na Newala. Kijana amefaulu, na mara nyingi ni binti, naye amwambia baba yake kuwa ataka kusomea shahada ya ualimu wa watoto wadogo, wa elimu ya awali na madarasa ya mwanzo. Baba hushangaa. Miaka mitatu ya chuo kikuu, ada na nauli na kodi ya chumba, kisha aje kuwahesabisha vijiti watoto wa miaka mitano? Kazi hiyo, asema, hata aliyeishia darasa la saba aiweza.

Sisi tulio walimu wa madrasa twaona kuwa neno hili lastahili jibu la upole na la wazi, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko ada. Tunaulizana hapa ni nani atakayekabidhiwa watoto wetu katika miaka ile ambayo nyoyo zao hupokea kila kitu.

Dhana ya kwamba mtoto mdogo hutoshwa na mwalimu mwenye elimu ndogo imeenea sana, lakini haina msingi. Mwanafunzi mkubwa asipofahamu husema. Mdogo hasemi, hunyamaza, au hulia, au huchezea kalamu, na mwalimu sharti aitafute sababu mwenyewe. Huenda mtoto hasikii vizuri. Huenda haoni ubaoni. Huenda hakula tangu jana. Na huku kwetu huenda nyumbani kwao husemwa Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao, na Kiswahili cha darasani ni kigeni masikioni mwake. Mwalimu asiyejua kuyapambanua hayo atamwita mtoto mjinga, na mtoto atamsadiki mwalimu wake. Basi aliyekwisha kusadiki kuwa ni mjinga akiwa darasa la kwanza, ni taabu kubwa kumrudisha akiwa darasa la saba.

Dini yetu haikulidharau jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alirefusha sijda kwa kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, akachukia kumharakisha, na kwamba alipokuwa akisalisha, akisikia mtoto analia, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulumiddin kuwa mtoto atokapo chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mwema, kwani kumzuia asicheze na kumlemeza masomo siku zote huufisha moyo wake. Naye Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameonyesha katika Muqaddima yake kuwa ukali uliopita kiasi humdhuru mwanafunzi, khasa aliye mdogo, humzoeza uwongo na hila, na kwamba elimu yafaa itolewe hatua kwa hatua. Kwa hiyo anayecheka akisikia kuwa chuo kikuu hufundisha namna ya kumsomesha mtoto kwa mchezo, na ajue kuwa maulamaa wetu waliupa mchezo wa mtoto heshima yake karne nyingi zilizopita.

Je, binti huyu atasoma nini katika miaka hiyo mitatu? Atasoma ukuaji wa mtoto, wa mwili na wa akili. Namna mtoto anavyojifunza lugha. Njia za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Afya na lishe. Namna ya kumsaidia mtoto mwenye ulemavu akae darasani pamoja na wenzake. Na namna ya kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyopo, kama mbegu, vijiti, udongo na maboksi. Kisha atapelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, na wakufunzi wake watakuja kumtazama na kumsahihisha.

Ama mahali pa kusomea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho asili yake ni chuo kilichofunguliwa mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, vyote viwili vina shahada ya ualimu wa elimu ya awali. Mtu huingia kwa matokeo mazuri ya kidato cha sita, au kwa stashahada ya ualimu. Masharti ya kila mwaka hutolewa katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu. Mzazi asitegemee maneno ya barazani.

Iko pia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Waislamu wengi waliuogopa mkopo huo kwa ajili ya nyongeza ya asilimia 6 iliyokuwa ikitozwa kila mwaka juu ya deni. Nyongeza hiyo ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo mkopo ni deni, na deni ni amana. Kijana ausome mkataba wote, naye amwulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutia sahihi.

Wako wazee walioiogopa shule yenyewe, nao walikuwa na sababu zao. Wamishenari walifika Masasi mwaka 1876, na kwa miaka mingi shule nyingi za huku zilikuwa mikononi mwa misheni. Lakini kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule, zikawa za watoto wote bila kuuliza dini. Sera ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu rasmi, na tangu Januari 2016 elimu ya awali na msingi katika shule za serikali ilitolewa bila ada, watoto wakamiminika. Mlango uliwekwa wazi. Haja kubwa ni mwalimu ajuaye kazi yake.

Wala si jambo geni kwa mwanamke wa Kiislamu kusimama mbele katika kazi hii. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said aliwafundisha wanawake wa mitaani ualimu wa watoto wadogo, zikaanzishwa shule za awali zilizochanganya mafunzo ya dini na mafunzo ya kisasa, chini ya mpango uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Misikiti na wazazi ndio waliokuwa nguzo ya shule hizo.

Na sisi wa nchi ya korosho tuna fursa yetu. Fedha za mnada huanza kuingia katika miezi ile ile ambayo vyuo vikuu hufunguliwa. Hatusemi watu wasifurahi. Lakini nyumba inayoweza kupika pilau la mji mzima kwa siku mbili, yaweza pia kuweka kando nauli na vitabu vya mwanafunzi mmoja.

Twapenda kusema ukweli wote. Shahada si hati ya kuajiriwa siku ya pili. Wako wahitimu wa ualimu wanaongoja miaka kadhaa kabla ya kuitwa serikalini. Atakayeingia katika elimu hii kwa kutazama mshahara peke yake huenda akavunjika moyo. Bali aliyeisoma kwa nia njema hatakosa pa kuitumia: ataanzisha darasa la awali kijijini, atatusaidia madrasa kupanga masomo ya wadogo, na atawalea wanawe mwenyewe kwa ujuzi.

Udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi hodari haachiwi chungu kilichokwisha kukauka. Huitwa mapema, udongo ungali laini. Basi enyi akina baba, binti akija na ombi hili, msimcheke. Kaeni naye, mhesabu pamoja gharama na manufaa, kisha mmwombee dua. Nanyi vijana, someni kwa adabu, na mkirudi msione haya kuinama mpaka macho yenu yakutane na macho ya mtoto wa miaka mitano.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wema na walimu wenye huruma. Amin.