Kabla mzee hajafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza

Ndugu msomaji, wapo watu wenye umri wa miaka 50, 60 na zaidi ambao, wakisikia kuwa leza humwondolea mtu miwani, hutamani nao wafanyiwe. Si vibaya kutamani. Lakini kabla ya kutoa fedha, ni muhimu kufahamu leza hiyo hurekebisha sehemu gani ya jicho, na umri huathiri sehemu gani. Mara nyingi si sehemu moja.

LEZA HUFANYA NINI?
Mwanga ukiingia jichoni hukusanywa na sehemu mbili. Ya kwanza ni konea, utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, ambao unene wake katikati ni takriban nusu milimita. Ya pili ni lenzi, iliyo ndani, nyuma ya mboni.

Katika upasuaji uitwao LASIK, daktari hutia matone ya ganzi, hufunua tabaka jembamba la juu la konea, kisha miale ya leza hupunguza kiasi kidogo cha konea ili kurekebisha umbo lake. Tabaka lile hurudishwa bila kushonwa. Kazi yote huchukua dakika chache. Kilichopunguzwa hakirudi tena.

UMRI HUATHIRI LENZI
Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi huwa ngumu na kushindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Ndipo mtu huanza kusogeza gazeti mbali ili asome. LASIK haigusi lenzi, hivyo mzee anaweza kufanyiwa, akaona mbali vizuri, na bado akahitaji miwani ya kusomea. Hata yule asiyeona mbali, aliyezoea kuvua miwani ili asome, anaweza kuipoteza nafasi hiyo.

Baadhi ya madaktari hurekebisha jicho moja kwa kuona mbali na jingine kwa karibu. Si kila mtu huzoea hali hiyo. Ni vyema kuijaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa machoni.

Halafu kuna mtoto wa jicho, yaani lenzi kuingia ukungu. Kuchonga konea hakuondoi ukungu huo. Tiba yake ni kuitoa lenzi na kuweka ya bandia, kazi iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Dk. Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Nguvu ya lenzi ya bandia huweza kuchaguliwa ili irekebishe pia uoni wa mbali. Kwa hiyo mzee ambaye mtoto wa jicho ameshaanza kumpunguzia uoni, mara nyingi hufaidika zaidi na upasuaji huu kuliko LASIK.

UPIMWE NINI?
Hakuna umri maalumu ambao mtu akiufikia huzuiwa kufanyiwa leza. Kinachoangaliwa ni hali ya jicho. Hakikisha unapimwa:
- Mtoto wa jicho, hata kama ndiyo kwanza anaanza.
- Presha ya macho. Huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimya kimya, na uoni uliopotea haurudi.
- Macho makavu. Huwapata sana wenye umri mkubwa, na LASIK huweza kuyazidisha.
- Unene na umbo la konea.
- Sehemu ya nyuma ya jicho, hasa kwa mwenye kisukari.

Ukishafanyiwa, tunza karatasi za vipimo vya kabla na baada. Konea iliyopunguzwa huweza kufanya presha ya macho isomeke chini kuliko ilivyo, na huleta ugumu katika kukadiria lenzi ya bandia siku za mbele. Kila daktari wa macho utakayemwona, mweleze.

BAADA YA UPASUAJI
Usifikiche macho, tumia matone ya dawa kama ulivyoelekezwa, na usiruhusu maji kuingia jichoni kwa siku utakazoambiwa. Kwa kuwa udhu una kuosha uso, mwulize daktari mapema ni siku ngapi, kisha mwulize mwanachuoni namna ya kujitwaharisha katika siku hizo. Ukipata maumivu makali, au uoni ukipungua ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, unapokwenda kwa daktari usianze kwa kuulizia bei ya leza. Anza kwa kuuliza: tatizo langu liko kwenye konea au kwenye lenzi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonesha tiba inayokufaa.