Mashine ya Mazoezi: Tukague Kwanza

Ndugu wafanyakazi, tawi letu lilichanga fedha tukanunua mashine ya mazoezi ya nyumbani, ile ya kuvuta kamba za mpira. Tukaiweka dirishani. Jua likaila kamba, ikakatika, ikampiga mwenzetu karibu na jicho. Kosa lilikuwa letu.

Sasa tumejifunza. Tusinunue mashine ambayo kamba zake za akiba hazipatikani. Tuiweke kivulini. Kila siku, kabla ya kuanza, tukague kamba na kulabu. Yenye ufa tuitupe. Mpira huzidi ugumu kadiri unavyovutwa: tuanze na kamba nyepesi, turudishe polepole, tusiiachie ghafula. Anayeumwa mgongo aende zahanati kwanza.

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Tuulinde.