Valvu, Tapeti na Hesabu ya Siku: Biashara ya Spea za Injini Korogwe na Handeni

Korogwe iko kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kupitia Segera hadi Moshi na Arusha, na kutoka hapo lami ya takriban kilomita 65 inaingia Handeni. Malori, mabasi na Hiace hupita usiku na mchana. Hata hivyo, mteja anayeyapa uhai maduka ya spea ya Manundu, Korogwe, na Chanika, Handeni, si mpita njia. Ni bodaboda wa hapo hapo, anayepakia abiria wawili na gunia la mahindi kwenye injini ya cc 125 au 150, kisha anaiacha lami na kushika njia ya vumbi kwenda vijijini.

Kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, zilizaa pia soko la kuzifufua. Pikipiki ya biashara hushushwa injini mara kadhaa katika maisha yake, na kila inaposhushwa, swali gumu huwa kwenye hedi: valvu zipi, springi zipi, kamshafti ipi?

Jibu linategemea ukoo wa injini. Sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina, zikiwemo nyingi za Sanlg, zimefuata mchoro wa Honda CG125 iliyoingia sokoni mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kusahauliwa matengenezo. Kamshafti yake iko chini, huzungushwa na gia, na pushrodi mbili hupeleka mwendo juu kwenye roka. Haina cheni ya taimingi ya kulegea. Boxer ya Bajaj na TVS HLX zina mpango mwingine: kamshafti imekaa ndani ya hedi na huzungushwa na cheni. Kwa hiyo anayefufua CG hukagua unyoofu wa pushrodi na nyuso zinazosuguana na kamshafti, ilhali mwenye Boxer huongeza kwenye orodha yake cheni, kikaza cheni na njia ya oili kupanda juu. Oili ikichelewa kufika huko, kamshafti mpya huchimbika mapema.

Valvu yenyewe ina kazi ngumu kuliko inavyoonekana ikiwa ndani ya kipakti cha plastiki. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Ile ya kutolea moshi hupigwa na gesi zinazoweza kukipandisha joto kichwa chake hadi nyuzi 700 na zaidi, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kupitia siti pale valvu inapofunga. Ndiyo maana viwanda vingi huiunda kwa vyuma viwili vilivyounganishwa: kichwa cha chuma chenye kromiamu na nikeli kinachostahimili joto, na shina la chuma kigumu kisicholika haraka.

Hapo fundi mwenye sumaku mfukoni ana nafasi ya kujua anachouziwa. Chuma hicho cha kichwani kwa kawaida hakishikwi na sumaku, lakini shina hushikwa. Kwa kuwa miundo hutofautiana, kipimo kinachofaa ni kulinganisha na valvu ya asili iliyotolewa kwenye injini ile ile. Kama kichwa cha zamani kilikataa sumaku na cha mpya kinaing'ang'ania, mwenye duka ana maswali ya kujibu.

Hata valvu bora haiwezi kuokoa hedi iliyochoka. Vumbi la Handeni likipenya kwenye chujio la hewa husaga bomba ambamo shina la valvu hupanda na kushuka. Bomba likipanuka, valvu hukaa upande, siti huvuja na oili huteremka kuungua. Moshi wa bluu unaotoka pikipiki inapowashwa baada ya kupumzika, kisha ukapungua, mara nyingi huelekeza kwenye sili za valvu au bomba hilo. Ukitoka mfululizo injini inapovuta mzigo, ringi za pistoni ndizo za kutazamwa kwanza. Valvu ikishasagwa kwenye siti yake, humiminwa petroli kwenye tundu lake na kusubiriwa. Ikichuruzika, kazi haijaisha. Siti iliyochimbika sana huhitaji kukatwa kwa mashine, na fundi asiye na mashine hulazimika kuisafirisha hedi hadi mjini kwenye karakana yenye mashine hiyo.

Kosa linaloua valvu nyingi hufanywa kwa nia njema. Mteja hulalamika kuwa injini inagonga, fundi naye hukaza tapeti mpaka sauti ipotee. Kumbe mwanya mdogo kati ya roka na valvu, usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita kwenye injini nyingi za aina hii, ndio unaoipa valvu nafasi ya kurefuka ikipata moto. Ukiondolewa, valvu haifungi sawasawa, joto halina pa kutokea, na ukingo wake huungua. Mwanya hupimwa kwa fila geji, injini ikiwa baridi.

Wapo pia vijana wanaotaka pikipiki iruke, wakavutiwa na kamshafti na springi za mashindano. Kamshafti ya aina hiyo huhamishia nguvu kwenye mizunguko ya juu, wakati kilima na gunia vinadai nguvu ya chini. Springi ngumu kupita kiasi, nazo, huongeza msuguano kwenye roka na kamshafti. Injini ya kazi hufaidika zaidi na springi mpya za kipimo cha kiwandani.

Kwenye magari hesabu hupanda. Injini za dizeli za Toyota 3L na 5L, zilizozoeleka kwenye Hiace, hutumia mkanda wa taimingi. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Mkanda hununuliwa pamoja na kikaza chake. Toyota IST yenye injini ya 1NZ ina cheni, na mwanya wa valvu hurekebishwa kwa kubadilisha vikombe vya unene tofauti, kazi isiyowezekana bila kupima kwanza.

Bidhaa hizi hutoka hasa Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo, Gerezani na Shaurimoyo. Picha ya spea hutumwa kwa WhatsApp, pesa kwa simu, na kifurushi hupanda basi. Mnunuzi huchagua kati ya jenuini ya wakala, spea ya kiwanda kingine chenye jina, kopi isiyo na jina, au iliyotumika. Hatari kubwa iko kwenye kopi iliyovalishwa boksi la jenuini. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ubora ni eneo la Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Malalamiko bila risiti ya mashine ya EFD huwa magumu kuyathibitisha.

Kinachoamua bei mwishowe ni hesabu ambayo dereva humpelekea mwenye pikipiki. Tuseme ni shilingi 8,000 kwa siku. Valvu ya bei rahisi ikiungua na pikipiki ikalala gereji siku tatu, shilingi 24,000 zimepotea kabla ya kulipia gasketi mpya, oili na ufundi wa mara ya pili. Kwa hesabu hiyo, mwenye pikipiki anayeagiza valvu, sili na springi kwa pamoja, zikiwa na risiti moja, anaweza kulipa zaidi dukani na bado akatumia pungufu kwa mwaka.