Je, Wajua Kwa Nini Ng'ombe Hukonda Huku Tumbo Limejaa Mabua?

Bua kavu la hindi ni ghala la sukari. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni selulosi, yaani sukari zilizoshikana mnyororo, na vijidudu walio tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanajua kuimeng'enya. Hata hivyo karibu nusu ya mabua anayokula ng'ombe huishia kwenye kinyesi. Kizuizi ni lignini.

Lignini ndiyo hulipa bua nguvu ya kusimama. Mmea unapokomaa, lignini huijaza kuta za seli na kuzishika nyuzi kama zege linavyoshika nondo. Kuivunja kunahitaji oksijeni. Kuvu wanaoozesha magogo huiweza, kwa kuwa wanaishi penye hewa. Ndani ya tumbo la ng'ombe hewa hiyo karibu haimo. Basi mabua hukaa humo muda mrefu, tumbo halipati nafasi, na mnyama huacha kula kabla hajapata nguvu ya kutosha.

Je, wajua kwamba sehemu za bua hazilingani? Maganda ya hindi na majani humeng'enywa vizuri kuliko shina. Kwa mpunga ni kinyume: majani ndiyo magumu, kwa sababu yana silika nyingi. Ndiyo maana ni vyema kumwekea ng'ombe mabua ya mahindi mengi kuliko anayoweza kumaliza, achague majani, mashina yabaki ya boma na mbolea.

Mwaka 1924, huko Minnesota, Marekani, ilitambuliwa mimea ya mahindi yenye mshipa wa kahawia katikati ya jani. Ina lignini kidogo, na ng'ombe huila kwa wingi zaidi. Ila shina lake huanguka kwa urahisi!

Mashine ya kukatakata hupunguza upotevu, lakini haiondoi lignini. Kinachosaidia kweli ni yurea: kilo 4 katika lita 50 hadi 100 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu, kisha funika pasiingie hewa kwa takriban wiki 3. Amonia inayotoka hulegeza vifungo vya lignini, vijidudu wakapata njia. Yaanike mabua kwanza harufu ipungue, usiwape ndama wadogo, na maji ya yurea yasinywewe na mnyama yeyote, maana huua.