«Gift»: zawadi, ndoa ao sumu?

Kule Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, watoto wengi wanaitwa Gift. Kwa Kiingereza maana yake ni zawadi. Jina zuri, hatuna neno. Lakini umpeleke mtoto huyo masomoni Ujerumani, na siku ya kwanza wenzake watamuangalia vibaya: kwa Kijerumani, Gift ni sumu!

Nenda mbele mpaka Uswidi, Denmaki na Norwe. Kule gift ni sumu, na tena ni mtu aliyeoa ao aliyeolewa. Ndiyo, neno lile lile moja, na wenyewe hawakosi kulichekea. Waflama wa Ubelgiji, wale wazee wetu waliowafahamu, walitenganisha: gift ni zawadi, gif ni sumu. Herufi moja tu. Kiafrikana cha Afrika Kusini, mtoto wa lugha hiyo, kinasema gif vilevile: sumu.

Mzizi ni mmoja: kupa. Gift ni kitu kilichotolewa. Bibi-arusi naye anatolewa na wazazi, basi neno likaingia katika ndoa. Katika Kiingereza cha zamani sana lilikuwa ni mahari. Wajerumani wangali na neno Mitgift, ndiyo mali ambayo bibi-arusi anakuja nayo toka kwao. (Wajomba, musifurahi bure: huko ni upande wa binti unaotoa.)

Na sumu? Wagiriki walisema dosis, yaani kutoa, juu ya kipimo cha dawa ambacho munganga anapatia mgonjwa. Ni ile dose unayosikia kwenye dispanseri. Wajerumani walifuata njia hiyo kwa neno lao wenyewe, na kwa kuwa mtu hapendi kutaja sumu waziwazi, neno laini likabaki. Hata sisi tunasema fulani «alilishwa», na hakuna anayeuliza kama ni bukari. Munganga Paracelsus, ambaye kitabu chake juu ya magonjwa ya wachimbaji wa migodi kilichapwa mwaka 1567, yeye mwenyewe akiisha kufa, aliandika katika 1538 kwamba kila kitu kinaweza kuwa sumu. Kipimo ndicho kinachoamua.

Lakini kwa nini tunakusumbua na lugha za Wazungu? Juu ya mapipa, mama. Dawa za viwanda zinatoka inchi nyingi, na mapipa na bidoni tupu zinaishia sokoni, watu wanazinunua kwa kuweka maji. Mtoto aliyesoma Kiingereza kidogo anaona giftig kwenye etiketi, anafikiri ni habari ya zawadi. Kwa Kijerumani na kwa Kiflama giftig ni «yenye sumu». Usitegemee neno, tafuta picha. Tangu mwaka 2003 mataifa yana alama za namna moja: mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu. Ndani yake kichwa cha mfu na mifupa miwili ni sumu. Mkono unaoliwa na maji makali ni asidi na jamaa zake. Kwenye mapipa ya zamani, mraba ni wa rangi ya machungwa.

Pipa lenye alama hizo, hata ukiliosha na sabuni mara tatu, usiweke ndani maji ya kunywa, wala chumvi, wala mafuta ya ngazi. Na kama etiketi imebanduliwa? Uliza muuzaji lilikuwa na kitu gani. Akijibu tu «iko muzuri, mama», uliache pale pale.